Malaika Ndani ya Mstari wa Manjano

Jumatatu, 26 Januari 2004

Siku mbaya. Mwezi mbaya. Redio ya kinyozi imerudia tena: kuanzia Jumapili hakuna matatu itakayoingia barabarani ikiwa na picha. Rangi moja tu, na mstari wa manjano kuzunguka tumbo. Mstari! Miaka yote hii nimechora simba, moto, wacheza mpira na manabii, na sasa nchi nzima inataka mstari.

Lenny yuko na furaha. Lenny ni fundi wa mabango, jirani yangu hapa gereji, Machakos. Hajui kuchora hata yai. Ukimwambia achore ng'ombe atakuandikia neno NG'OMBE. Lakini mistari yake imenyooka, na leo magari yamepanga foleni kwake mpaka barabarani. Alinipungia brashi. Nikamgeuzia mgongo.

Nyumbani hakuna mtu. Mke wangu Mumbua yuko kwao Masinga na mtoto tangu Krismasi. Baba yake, Mzee Mwanzia, anasema mwanamke ambaye mbuzi wake wa ntheo, wale wa kufungua mahari, hawajafika hajaolewa, ametembea tu, na mtoto aliyezaliwa ni wa boma lao. Mbuzi ni watatu. Nimekuwa nikiwaahidi tangu mtoto yuko tumboni, na sasa anatembea. Mzee amenipa siku ya mwisho: Jumamosi ya tarehe saba Februari. Wazee wangu wafike na mbuzi kabla jua halijazama, maana mbuzi wa ntheo sharti walale kwake. Wasipofika, mtoto atapewa jina la upande wao.

Mtoto wangu anaitwa Kalekye. Ni jina la marehemu mama yangu. Mama hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha jina hilo na sufuria moja iliyotoboka.

Huyu mzee hanipendi na najua kisa. Siku ya kwanza kufika kwake, nikingojea chai, nilimchora kwa mkaa mlangoni mwa ghala. Ilifanana sana, hasa pua. Nilidhani atafurahi.

Nimepata wazo. Wazo lenyewe ni chokaa.

Jumatano, 28 Januari

Wazo lilikuwa zuri na bado nasema lilikuwa zuri. Sheria za nchi hii ni kama nzige, zinakuja, zinakula, zinapita. Kwa nini ufute picha ambayo mwezi ujao utaitaka? Paka chokaa juu yake. Wakubwa wakichoka, osha.

Nilimwendea Mama Katunge, mteja wangu wa zamani. Ana magari matatu hapa mjini na mifugo kule Konza. Gari lake kubwa linaitwa Malaika wa Masaku, na mlango wake wa nyuma una kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya: Mumbua akiwa na mabawa. Nilimchora kabla sijajua jina lake, alipokuwa akiuza machungwa stendi. Akaja kunigombeza kwamba shingo nimeivuta. Ndivyo tulivyoanza.

Mama Katunge alikubali. Sikumwambia ni chokaa. Nilimwambia ni rangi ya kisasa. Jana jioni gari lilikuwa jeupe pe, likapendeza. Leo asubuhi makanga, kijana wake wa kukusanya nauli, akalipeleka kuoshwa, kama anavyofanya kila asubuhi. Mimi sikufikiria hilo. Likarudi stendi likiwa na jicho moja la Mumbua, nusu ya bawa, na maji meupe yakitiririka shavuni. Watu wakasimama. Mama mmoja akafanya ishara ya msalaba, akasema malaika analia.

Mama Katunge hakufanya ishara yoyote. Aliniambia mbele ya Lenny kwamba kule Konza ana mbuzi wenye akili kunishinda.

Nimekula muthokoi wa juzi, mahindi ya kukoboa na maharage. Umeanza kuchacha.

Ijumaa, 30 Januari

Mama Katunge amerudi mwenyewe. Sura imemshuka. Foleni ya Lenny haishi, na yeye pesa zake zote zimemezwa na mikanda ya usalama ya abiria, maana nayo ni sheria mpya. Anataka magari yafanywe upya na hana cha kunilipa.

Hapo akili ikafanya kazi. Nilimkumbusha wale mbuzi wake wenye akili. Nikasema gari moja, mbuzi mmoja. Magari matatu, mbuzi watatu, na Jumamosi ijayo anikopeshe Malaika liwabebe wazee wangu mpaka Masinga. Alicheka. Kisha akaacha kucheka, akakubali.

Ila alitoa sharti. Nyeupe ya mafuta, mstari wa manjano, basi. Akarudia neno basi mara kadhaa, akinitazama usoni. Hakuna moto, hakuna nyota, hakuna ua. Akaniapisha kwa jina la mama yangu. Nikaapa. Kuapa si kazi ngumu.

Kazi ngumu ni mstari. Mkono wangu hautaki kunyooka, ukifika katikati unataka kugeuka kuwa mkia wa kitu. Lenny hutumia tepu ya karatasi: anabandika juu na chini, anapaka katikati, anabandua. Nikapanga hila. Nilimwambia kwamba tepu yake ni ya bandia, polisi wa Athi River wanaitambua na wameshashika mafundi wawili, na kwamba kwa ajili ya ujirani mwema niko tayari kuitupa kwa niaba yake. Lenny aliweka brashi chini. Kisha akaingia ndani, akanitolea roli nzima, mpya, akasema ningeomba tu angenipa.

Nimekasirika mpaka sasa.

Jumatatu, 2 Februari

Stendi tupu. Karibu magari yote hayako barabarani, yanaogopa kushikwa. Watu wamekuja mjini kwa miguu kutoka Katelembo na mbali zaidi, viatu mkononi, vumbi mpaka magotini. Mzee mmoja aliketi kwenye ngazi ya benki akisugua unyayo. Akaniuliza kama nawajua hao vijana waliochora mapicha mpaka serikali ikakasirika.

Nikasema siwajui. Jogoo hakuwika, lakini nilijisikia vibaya siku nzima.

Jumanne, 3 Februari

Leo nimekwangua. Huwezi kupaka nyeupe juu ya picha, itajitokeza. Lazima upige msasa mpaka bati. Sikujua itakuwa hivi. Chini ya simba kulikuwa na mcheza mpira. Chini ya mcheza mpira kulikuwa na nabii. Chini ya nabii kulikuwa na jina la kwanza nililowahi kuandika kwenye gari, herufi zimelala kama walevi, na siku ile mama alikuja stendi na chakula akaniambia ni maridadi. Hakujua kusoma.

Vumbi lilikuwa jekundu, halafu buluu, halafu kijani. Nimekohoa rangi zote. Kufikia mchana miaka yangu yote ilikuwa chini kwenye magunia, na makanga akaifagia.

Mlango wa Malaika niliuacha mwisho. Nilianza na mabawa. Uso ulinishinda. Nikamwomba makanga anisaidie, akakataa, akasema yeye hakwangui mke wa mtu. Niliufanya mwenyewe macho yakiwa yamefumbwa, na sasa kidole kimoja hakina ngozi.

Jumatano, 4 Februari

Mistari imekamilika. Imenyooka! Magari yote matatu. Hata Lenny alikuja akafunga jicho moja, akatazama kutoka mwisho mpaka mwisho, akasema ni safi. Nikahisi uchungu kusifiwa kwa kitu cha kijinga kama hicho.

Magari yamekaa pale kama mayai. Hujui lipi ni lipi. Nimemzunguka Malaika mara nyingi nikitafuta mahali ambapo Mumbua alikuwa, na sikupaona.

Kwa hiyo nimefanya kitu. Ni kitu kidogo sana. Nilichukua manjano ileile, nikatia tone la kahawia, nikachora malaika ndani ya mstari, karibu na taa ya nyuma. Ni mdogo kama kidole gumba. Manjano juu ya manjano. Kivulini haonekani kabisa. Jua lianze kuteremka na limpige ubavuni, hapo ndipo anatoka. Nani atainama nyuma ya gari saa hiyo?

Niliapa hakuna picha. Picha isiyoonekana si picha. Mama angenielewa.

Alhamisi, 5 Februari

Ukaguzi umepita. Afisa alizunguka magari yote matatu chini ya mijakaranda, kwenye kivuli kizito, akagonga mikanda, akapitisha kidole juu ya mstari, akatia sahihi. Kidole kilipita juu ya malaika mwenyewe. 

Mbuzi wamefika kutoka Konza. Wawili ni wapole. Wa tatu ni beberu, na ameshakula stensili yangu ya simba. Haina kazi tena, lakini iliniuma.

Baba mdogo Kimeu atakuwa msemaji. Amenionya kwamba siku ya ntheo bwana harusi hafungui mdomo hata akitukanwa. Wazee ndio wanaoongea. Nikamwambia kunyamaza ni kipaji changu.

Jumapili, 8 Februari

Sikuweza kuandika jana.

Tulitoka vizuri. Mimi, baba mdogo, wazee wawili wa ukoo waliovaa makoti, dereva, na mbuzi nyuma. Tungefika mapema, lakini baba mdogo alitaka kununua ugoro, kisha mzee mmoja akakumbuka kofia yake, tukarudi. Tulipokaribia Matuu jua lilikuwa limeanza kuteremka, ingawa muda bado ulitosha. Kulikuwa na kizuizi cha polisi.

Afande alikagua mikanda. Alikagua leseni. Akazunguka nyuma kuwatazama mbuzi, akawacheka, akasema mtu anaenda kuoa. Alikuwa ameshainua mkono kuturuhusu. Kisha akainama. Jua lilikuwa upande uleule.

Aliita mwenzake. Wakachutama wote wawili. Akauliza hiki ni nini. Dereva, ambaye ni mtu mwenye akili, akasema ni mkwaruzo. Afande akakubali, akasema kweli inaonekana kama mkwaruzo, au labda kinyesi cha ndege kilichokaukia kwenye rangi. Akaanza kusimama. Mambo yalikuwa yamekwisha.

Kinyesi cha ndege!

Nilijikuta niko chini. Nilimwomba asogee kidogo kushoto ili aone mabawa vizuri. Nikamwonyesha manyoya, moja moja, niliyoyachora kwa brashi ya unywele. Nikamwambia ni kazi yangu, na kwamba kutoka hapa mpaka Mombasa hatapata fundi mwingine anayeweza kuchora manjano juu ya manjano. Afande alisema ni kweli, ni malaika, na ni mzuri. Alisifu hata shingo. Kisha akachukua funguo za gari.

Baba mdogo alikuwa amefunga macho ndani, akijifanya amelala. Aliyafungua mara moja kunitazama, akayafunga tena.

Mama Katunge, aliyepigiwa simu na dereva, alifika na pikapu jua likiwa limezama. Hakunigombeza. Alimwinamia malaika, akamtazama, akaniuliza kama mama yangu alikuwa mtu mbaya mpaka niape uongo kwa jina lake.  Akawapakia mbuzi wake, akaondoka. Wazee tuliwatafutia lori la mchanga, wakarudi Machakos wamekaa juu na makoti yao.

Masinga walikuwa wamepika. Walitandika mikeka. Mumbua alikuwa amesukwa nywele.

Alhamisi, 12 Februari

Lenny amerudia mstari wa Malaika. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Nilikaa mlangoni nikimtazama akimfunika malaika wangu. Aliniuliza kama ningependa kumwangalia mara ya mwisho. Ana roho nzuri na simpendi.

Makanga anayekwenda Masinga ameleta habari kwamba mtoto sasa anaitwa Kasyoka. Ni jina la mama yake Mzee Mwanzia. Wanamwita hivyo boma zima, na akiitika wanampa kipande cha muwa.

Siku nzima sikushika brashi. Nimepika uji kwenye sufuria ya mama, ukavuja wote ukazima moto.

Jumamosi, 14 Februari

Baba mdogo Kimeu alikwenda Masinga peke yake kuomba msamaha, kwa miguu yake na goti lake bovu. Amerudi leo. Ameniita, akaniambia nikae chini na nisiongee.

Mzee Mwanzia amejenga duka karibu na bwawa. Anataka liandikwe mbele, na mafundi wa Matuu wote wanapiga mistari ya manjano, hapati mtu. Baba mdogo akaona upenyo, akajipenyeza. Wameafikiana. Niende niandike duka. Maneno tu, yale atakayotaka yeye. Nikimaliza, na ukuta ukiwa na maneno tu, mbuzi watasubiri mpaka baada ya mavuno. Na Jumapili baada ya misa atawaambia watu wote kwamba mtoto ni wa ukoo wetu na jina lake ni Kalekye.

Baba mdogo alinishika sikio, mimi mtu mzima mwenye ndevu, akasema ukutani ni maneno tu. Nikasema nimesikia. Akasema hata aliponionya ninyamaze siku ya ntheo nilisema kunyamaza ni kipaji changu.

Jumatano, 18 Februari

Niko Masinga. Nalala kwenye stoo ya duka, kati ya magunia. Mzee alinipokea kwa ncha za vidole. Pua yake ni ileile, hata nadhani imeongezeka.

Mumbua alinisalimia kama mgeni, mbele ya mama yake. Aliponipa maji ya kunawa aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku ile alikaa na nywele zake mpya mlangoni mpaka hakuona tena barabara. Nilitaka kueleza habari ya jua na ubavu. Akasema nisieleze.

Mtoto alikuwa akichimba mchanga. Nikamwita Kalekye. Akaendelea kuchimba. Nikamwita tena, nikapiga makofi. Hakugeuka. Bibi yake akaita Kasyoka kutoka jikoni, na mtoto akainuka akakimbia akinipita hapohapo miguuni.

Nilikwenda kukoroga rangi. Nimekoroga mpaka jioni, kuliko inavyohitaji.

Ijumaa, 20 Februari

Ukuta ni buluu. Herufi ni nyeupe. Nimetumia tepu ya Lenny, ile roli. DUKA LA MWANZIA. Chini yake SUKARI, CHUMVI, SABUNI, MAFUTA YA TAA. Herufi zimesimama wima kama watoto wa shule. Nimejizuia. Mara moja mkia wa herufi ya R ulitaka kuwa jani, nikaupiga kofi mkono wangu mwenyewe.

Mzee amepita mara kadhaa, akinusa. Hajasema kitu kibaya, na kwa mzee huyu hiyo ni sifa.

Jioni Mumbua alileta chai mwenyewe. Alisoma ukuta wote kwa sauti, mpaka mwisho, kisha akatazama pembeni na chini kutafuta kitu kingine. Hakukiona. Akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu Krismasi. Akasema amekuwa akimfundisha mtoto jina lake upya, kwa siri, wakienda kuteka maji.

Jumamosi, 21 Februari

Nimemaliza! Yote, kabla ya chakula cha mchana. Mzee Mwanzia alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, akasema ni sawa. Akaniamkua kwa jina. Akamwambia mkewe achinje kuku. Kesho baada ya misa atasema mbele ya watu.

Kisha Mumbua akamleta mtoto, akamsimamisha mbali kidogo, akanifanyia ishara. Nikaita Kalekye. Mtoto akafikiri. Akageuza kichwa, nusu tu, akanitazama kwa jicho moja.  Mama, kama ulikuwa unaangalia, ndivyo ilivyokuwa.

Sasa ni alasiri, wamelala wote, kuku ameshibisha kila mtu. Mzee yuko kwenye kiti nje, kichwa kimeegemea nguzo, uso umegeukia upande, jua limempiga vizuri sana. Hajawahi kukaa hivyo.

Nimekaa mbele ya ukuta nikisubiri rangi ikauke. Kati ya DUKA LA na MWANZIA kuna nafasi. Nilikosea kupima, au labda sikukosea. Inanitazama tangu jana. Ukiangalia kwa haki, ukuta haujakamilika. Mtu wa mbali asiyejua kusoma, kama mama, atajuaje duka ni la nani? Na rangi imebaki mkebeni. Ikilala itaganda, itakuwa hasara kwa mzee mwenyewe.

Kosa la kwanza nimelielewa. Nililifikiria sana pale kwenye magunia. Siku ile ya mkaa nilichora haraka, bila heshima. Safari hii nitakwenda polepole, na pua nitaipunguza kidogo.